Mtu Katika Uwanja Mweupe: Uchoraji wa Sungi Mlengeya

Miamba ya Iramba na Isanzu, mkoani Singida, imehifadhi picha za kale za watu na wanyama, nyingi zikiwa zimechorwa kwa rangi nyekundu itokanayo na udongo wenye chuma. Mtafiti wa Kijerumani, Ludwig Kohl-Larsen, alizipitia katika safari zake za miaka ya 1930, na mwaka 1958 kikatoka kitabu chake juu ya picha za miambani za Tanganyika. Baadaye Fidelis Masao, mwanaakiolojia wa Tanzania, alichimba Kirumi Isumbirira na Kwa Mwango, na matokeo ya kazi yake yakachapishwa mwaka 1979. Picha hizo ni ndugu wa zile za Kondoa, upande wa mashariki, ambazo Mary Leakey alizinakili mwaka 1951 na ambazo UNESCO iliziingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mengi yamesemwa juu ya umri wa picha hizo na juu ya watu waliozichora. Lakini liko jambo moja ambalo mhakiki wa sanaa hana budi kulisimamia: mchoraji wa kale alichora mtu, hakuchora mahali. Hapana kilima, hapana nyasi, wala hapana mstari wa ardhi chini ya miguu. Mtu amewekwa juu ya jiwe, na jiwe limeachwa kuwa jiwe.

Jambo hilo lapata maana mpya likitazamwa pamoja na kazi za Sungi Mlengeya, mchoraji wa Tanzania aliyezaliwa mwaka 1991. Yeye naye huchora mtu bila mahali. Wanawake weusi hutokea katika picha zake juu ya uwanja mweupe usio na ukuta, mlango, mti wala upeo. Haidaiwi hapa kwamba mchoraji huyu alijifunza kazi yake miambani. Hakuna haja ya kumtafutia kila msanii wa leo babu aliyeishi pangoni. Linalodaiwa ni dogo zaidi, nalo lafaa zaidi: kwamba picha za aina hizi mbili zauliza swali moja. Mtu akiisha kuondolewa mahali pake, atasimama juu ya nini?

Sungi Mlengeya hakupitia chuo cha sanaa. Alisomea mambo ya fedha, akafanya kazi benki kwa miaka kadhaa, na mwaka 2018 akaiacha kazi hiyo ili uchoraji uwe ndio riziki na ndio shughuli yake ya kila siku. Nyumba ya sanaa ya Afriart, mjini Kampala, ndiyo iliyomtambulisha kwa watu wengi, na hapo mwaka 2021 yakafanyika maonyesho yake ya peke yake yaliyoitwa "Just Disruptions". Mwaka uliofuata kazi zake zikaonyeshwa London, katika jengo jipya la Africa Centre, Southwark, kwa jina la "(Un)choreographed". Safari ya miaka michache hivi, kutoka meza ya benki hadi kuta za London, imewafanya baadhi ya watazamaji waitazame zaidi bahati yake kuliko kazi yake. Kazi yenyewe inastahili kutazamwa kwanza.

Namna anavyofanya kazi yafaa ielezwe hatua kwa hatua, kwa kuwa maana ya picha zake imo katika mpango wa hatua hizo. Kwanza huja mtu. Wanaochorwa ni wanawake walio karibu naye, jamaa na marafiki, wala si wanamitindo wa kukodi wasiojulikana. Pili huja kamera: mwanamke huvikwa nguo nyeupe, hupigwa picha katika mikao mbalimbali, na katika picha hizo mchoraji huchagua mkao atakaoufanyia kazi. Tatu huja rangi. Ngozi huchorwa kwa subira, kwa rangi za kahawia na nyeusi zilizo chache, hata mfupa wa bega, mshipa wa shingo na ukucha wa kidole viweze kujulikana. Nguo haichorwi. Kwa kuwa ni nyeupe, nayo imewekwa juu ya weupe, humezwa na uwanja, na kinachobaki ni uso, mikono, shingo, mguu. Viungo vilivyotengana kwa macho lakini vilivyounganishwa na akili ya mtazamaji. Anayeiangalia picha hiyo huikamilisha mwenyewe. Huona gauni pasipo gauni, na bega chini ya kitambaa ambacho brashi haikukigusa.

Rangi anayoitumia ni akriliki, rangi inayochanganywa na maji na kukauka upesi. Wepesi huo wa kukauka una faida na taabu yake. Mchoraji wa rangi za mafuta aweza kurudi kesho akakuta rangi ya jana ingali mbichi, akailainisha mpaka kivuli kikayeyuka ndani ya nuru. Mchoraji wa akriliki hana nafasi hiyo. Lazima ajenge kivuli kwa tabaka juu ya tabaka, kila tabaka likiwa limekwisha kukauka kabla ya lile linalofuata. Ndiyo sababu ngozi katika picha za Mlengeya haionekani kama moshi, bali kama kitu kilichojengwa. Tena, mkemia wa Kifaransa Michel Eugène Chevreul alikwisha kuonyesha mwaka 1839 kwamba rangi mbili zikikaa jirani kila moja huizidishia nyingine tofauti yake: cheusi kando ya cheupe huzidi weusi, na cheupe huzidi weupe. Mchoraji huyu ameijenga kazi yake yote juu ya kanuni hiyo. Weusi wa ngozi, ambao katika picha nyingi za zamani ulififishwa na vivuli vya nyumba au majani ya msituni, kwake hupewa mwanga wote wa uwanja.

Basi sanaa hii ni sanaa ya kuondoa. Ili uzito wa kuondoa huko upimwe, yafaa kukumbuka yale ambayo uchoraji wa Tanzania ulizoea kuyaweka. Sam Ntiro, aliyezaliwa Uchagga mwaka 1923 na kusoma Makerere kabla ya kwenda London, alichora miteremko ya kwao ikiwa imejaa migomba, njia na watu wafanyao kazi pamoja. Picha yake ya mwaka 1956, inayoonyesha wanaume wakimpelekea bibi arusi pombe ya ndizi wakati wa usiku, ilichukuliwa na jumba la sanaa za kisasa la New York. Watu wake ni wadogo. Mlima na kijiji ndivyo vikubwa. Mtu kwa Ntiro ni mwana wa mahali. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mnamo mwaka 1968 na kufariki mwaka 1972, alitumia rangi za kupakia baiskeli juu ya vipande vya ubao, na wafuasi wake walizidi kuujaza uwanja kwa ndege, majani na madoadoa mpaka pasibaki nafasi ya kuweka kidole. Katika njia hizo mbili, ujazo ni neema: nafasi tupu ni dalili ya kazi isiyokwisha.

Mlengeya amegeuza hesabu hiyo, na sababu yake si ya macho tu. Mtu atazame picha za wanawake wa Afrika zinazouzwa kwa wageni katika miji ya Afrika Mashariki, azitazame na zile zilizopamba vitabu vya shule, atamkuta mwanamke amebeba. Amebeba mtungi, amebeba mtoto, amebeba kuni au tenga la ndizi. Mzigo umekuwa ndio alama yake. Pasipo mzigo mchoraji hajui ampe nini mkononi. Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Na mzigo uliochorwa ni mwepesi kuliko usufi, kwa kuwa mtazamaji huusifu uzuri wake bila kuhisi uchungu wa shingo. Wanawake wa Mlengeya hawakubeba kitu. Mikono yao mitupu imeegemea goti, imeshika bega la mwenzake au imeinuliwa hewani bila sababu ya kazi. Mchoraji mwenyewe amekuwa akieleza kwamba weupe kwake ni nafasi ya uhuru, mahali ambapo kanuni za jamii zinazomlemea mwanamke hazijaandikwa. Maelezo ya msanii si hukumu ya mwisho juu ya kazi yake, walakini katika jambo hili picha zinayathibitisha. Mwanamke aliyeketi bila kufanya kazi, asiyemsubiri mtu wala kumtumikia mtu, alikuwa mgeni katika uchoraji wa nchi hii.

Walakini kila kinachoondolewa kina bei yake, na uhakiki wa haki hauna budi kuitaja. Bei ya kwanza ni nguo. Katika nchi ambamo kanga husema, ambamo mwanamke aweza kumjibu jirani yake kwa maneno yaliyochapwa pindoni bila kufungua kinywa, kuiondoa nguo ni kuuondoa ulimi mmoja. Mfano wa ng'ambo unasaidia hapa. Mmarekani mweusi Barkley Hendricks, aliyeishi tangu 1945 hata 2017, alichora katika miaka ya 1970 watu weusi waliovaa nguo nyeupe juu ya uwanja mweupe. Picha yake iitwayo "Steve", ya mwaka 1976, yaonyesha kijana aliyevaa koti jeupe, na miwani yake inaakisi madirisha yaliyo mbele yake. Lakini Hendricks aliichora nguo. Mikunjo ya koti ipo, na koti ndilo linalotangaza majivuno ya mvaaji. Weupe wake ni jukwaa la mavazi. Mlengeya alipoifuta nguo alimnyima mwanamke wake tangazo hilo: hajulikani kama ni tajiri au maskini, wa mjini au wa shamba, mke au mwali. Basi uso na mikono vimelazimika kufanya kazi iliyofanywa na kanga. Pale vinapoiweza kazi hiyo, picha hupata heshima kubwa. Pale visipoiweza, picha hubaki na ukimya usio na neno ndani yake.

Bei ya pili ni nzito zaidi, nayo ni mahali. Yamkini msomaji atauliza: mwanamke huyu asiye na kijiji, mtaa wala jua la kwao, ni Mtanzania kwa lipi? Uwanja mweupe waweza kuwa uhuru, lakini ukuta wa jumba la maonyesho katika miji mikubwa ya dunia nao ni mweupe. Picha isiyo na mahali pake hupata nafasi katika kila mahali. Katika miaka ya 2020 na 2021 wanunuzi wa Ulaya na Marekani walizitaka sana picha za watu weusi zilizochorwa na wachoraji wa Afrika, na wachoraji wengi wakaitikia wito huo. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini mhakiki hawezi kuuchukua mnada kuwa mizani yake, kwa maana mnada hupima hamu ya mnunuzi, haupimi kazi. Swali ni kama weupe wa Mlengeya ulizaliwa na haja ya picha au na haja ya soko. Jibu halipatikani kwa kuichunguza nia ya mtu. Lipo katika picha zenyewe, likitafutwa kwa swali lile la kwanza: mtu huyu amesimama juu ya nini?

Hapo ndipo kazi zake zinapogawanyika. Ziko picha za mtu mmoja, mara nyingi uso na mikono, zilizopangwa kwa ustadi katikati au pembeni mwa uwanja. Zinapendeza, na ufundi wa ngozi ndani yake hauna dosari. Lakini nyingine kati ya hizo zinakaribia kuwa nembo. Mtu ametua juu ya weupe kama muhuri utuavyo juu ya karatasi. Hakuna kinachomvuta wala kinachomzuia, na jicho likiisha kuuona uzuri wake halina la kufanya tena. Katika picha za namna hii ile hoja ya soko ina nguvu, kwa sababu weupe umekuwa pambo la mtu badala ya kuwa hali anayopambana nayo.

Ziko kwa upande mwingine picha za watu wawili, watatu au zaidi, na hizo ndizo zinazompa mchoraji huyu haki ya kuhesabiwa miongoni mwa wachoraji wa maana wa wakati wake. Mmoja ameegemea bega la mwingine. Mkono wa huyu umepita juu ya kifua cha yule. Vichwa viwili vimegusana hata nywele zao zikawa kivuli kimoja. Kwa kuwa nguo zimefutika, mtazamaji hashiki upesi mkono huu ni wa nani na bega lile ni la nani, naye hana budi kuufuata mguso kwa mguso mpaka aifahamu jamaa nzima. Katika picha hizo hapana ardhi, lakini kuna egemeo. Mwili wa mwenzake ndio uliokuwa ardhi ya huyu. Picha za wachezaji zilizoonyeshwa London mwaka 2022 zilifika mahali hapo hapo kwa njia nyingine: mwili unaocheza una uzito, na uzito huo hudai mahali pa kutua hata pale ambapo mchoraji hakuchora sakafu. Mtazamaji huona mguu ulioinuka, naye huisikia sakafu chini ya ule mwingine. Mahali palipoondolewa machoni parudi kwa njia ya mwili.

Picha ya Kolo, katika miamba ya Kondoa, yaweza kulifafanua jambo hili kwa ufupi. Humo wameonekana watu watano wembamba warefu. Mmoja yuko katikati, na wengine wamemshika huku na huku. Mary Leakey aliifasiri kuwa picha ya mtu anayetekwa. Wengine baadaye wakaona kwamba ni mtu aliyepandwa na roho katika ngoma, naye anashikwa na wenzake asianguke. Fasiri hizo zimeachana kama mbingu na ardhi, ila zote mbili zatoka katika jambo moja, yaani mikono inayoshika. Mchoraji hakuweka mahali, kwa hiyo maana yote imebebwa na mshiko. Angalichora kilima nyuma yao, labda mtazamaji angalipata habari zaidi za nchi, lakini asingalilazimika kuitazama ile mikono kwa makini kiasi hicho. Hii ndiyo kanuni ambayo kazi bora za Mlengeya zinaithibitisha kwa mara nyingine: mahali pakiondolewa, uhusiano wa watu ndio unaoshika nafasi yake, na uhusiano usipokuwapo, kilichobaki ni umbo zuri tu.

Tofauti nayo haifai kusahauliwa. Mchoraji wa miambani hakuuchagua uwanja wake. Jiwe lilikuwapo, lina nyufa zake, rangi yake na unyevu wake, na vizazi vilivyofuata vikaja kuchora juu ya kazi yake, wakiwamo wale waliotumia rangi nyeupe ya vidole juu ya wekundu wa zamani. Uwanja wake ulikuwa mali ya wote. Uwanja wa Mlengeya ni wa kuchagua, ni safi, na hakuna atakayekuja kuchora juu yake. Kwa hiyo mzigo wake ni mkubwa zaidi: yeye anawajibika kwa kila shubiri ya weupe ule. Mchoraji wa Isanzu hawezi kulaumiwa kwa jiwe alilolikuta. Mchoraji wa turubai aweza kuulizwa kwa nini ameacha nafasi hii tupu na si ile.

Liko na jambo linalowahusu wanafunzi wa sanaa nchini moja kwa moja. Picha za Kirumi Isumbirira haziondoki Singida. Mchungaji apitaye na mbuzi wake aweza kuziona bila kulipa nauli. Picha za Mlengeya zimesafiri, na mwanafunzi wa Singida huzijua kwa nakala iliyochapwa au iliyo katika kioo cha simu. Nakala hudhulumu picha yoyote, lakini hizi huzidhulumu zaidi. Weupe wa uwanja humwagika ndani ya weupe wa karatasi, mipaka ya picha hupotea, na mwanamke huonekana kana kwamba amekatwa kwa mkasi na kubandikwa ukurasani. Kadhaa za kazi hizo zina upana wa zaidi ya mita moja. Mbele yake mtu husimama na kuuona weupe kama anga lenye kimo chake. Katika nakala ya kiganja, anga hilo huwa ni pengo. Basi yule anayesema kwamba picha hizi ni tupu, huenda anasema kweli juu ya nakala na anakosea juu ya picha. Dawa yake si kumlaumu mwanafunzi. Dawa ni kazi hizo kuonyeshwa katika nchi ya mchoraji, tena si Dar es Salaam peke yake, na uhakiki wake kuandikwa katika lugha ambayo wanaochorwa na wanaotazama wote wanaisema.

Kwa jumla, uchoraji wa Sungi Mlengeya umeondoa mzigo kichwani pa mwanamke, ukaondoa nguo iliyomtangaza na ardhi iliyomfunga. Kuondoa mzigo ni faida isiyo na shaka. Kuondoa nguo ni ushindani ambao uso na mikono mara nyingi vimeushinda. Kuondoa mahali ndiko kunakobaki kuwa jaribio lake kubwa, nalo halijibiwi na weupe peke yake, hata uwe safi namna gani. Hujibiwa pale mwili mmoja unapoegemea mwingine na uzito ukapata pa kutua. Mchoraji huyu akiendelea upande huo, weupe wake utakuwa mahali kweli kweli. Akibaki upande wa uso mmoja uliopangwa vizuri, utakuwa ukuta, na ukuta mweupe haukosekani mjini.